Namba ndogo pembeni ya tundu: kuchagua probu za vifaa vya kupimia vya zamani

Swali: Nimepata vifaa vitatu vya kupimia vya zamani kutoka kwa fundi aliyestaafu: osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la ishara ya umeme kwenye skrini) ya Tektronix 465, osiloskopu nyingine ya enzi za valvu (Tektronix 561A yenye plagini, yaani kisanduku cha kukuza ishara kinachochomekwa, ya 3A6), na voltimita ya valvu ya Heathkit V-7A. Vyote vinawaka vizuri, ila havikuja na probu (waya wenye ncha ya kugusia sakiti) hata moja. Nimenunua probu mbili mpya za megahezi 100 zenye swichi ya 1X (ishara nzima) na 10X (ishara ikigawanywa kwa kumi). Kwenye 465 zinafanya kazi vizuri. Kwenye 561A, hata nikizungusha skrubu ya kusawazisha mpaka mwisho, wimbi la mraba linabaki na pembe za mviringo. Voltimita nayo nimeichomekea waya wa kawaida wa multimita, na inasoma juu kidogo kuliko inavyopaswa. Je, probu nilizouziwa ni mbovu? Nitafute zile za asili, au ninunue mpya za megahezi nyingi zaidi? Kazi yangu kubwa ni kutengeneza redio na vikuza sauti vya valvu.

Jibu: Ndugu yangu, probu zako si mbovu, na 561A nayo haina kosa. Viwili hivyo havilingani tu, na hakuna skrubu itakayovilinganisha. Tazama pembeni ya tundu la kuingizia ishara kwenye 3A6: utakuta megaohmu 1 na pikofaradi (pF) 47. Kisha tazama karatasi iliyokuja na probu zako. Probu nyingi mpya za bei nafuu husawazishika kuanzia pikofaradi 10 hadi 35, basi. Tundu la 465 lina pikofaradi 20, ndiyo maana huko hukupata shida.

Wauzaji huandika megahezi kwa herufi kubwa, na mnunuzi huvutwa na namba hiyo. Kwa vifaa vya zamani mimi huanza na pikofaradi. Osiloskopu za leo zimekaribiana sana katika jambo hili, lakini zile za miaka ya 1950 na 1960 zilitofautiana mno: nyingine pF 15, nyingine 20, nyingine 30, na plagini nyingi za jamii ya 560 kama yako zilikuwa pF 47. Probu ni nusu ya sakiti, na nusu ya pili imo ndani ya osiloskopu. Ukiinunua bila kujua nusu ya pili ikoje, unabahatisha.

Nikueleze kinachotokea, maana ukikielewa hutahitaji kumuuliza mtu tena. Ndani ya ncha ya probu ya 10X mna rezista ya megaohmu 9. Osiloskopu ina megaohmu 1 kutoka tunduni hadi ardhini. Volti inagawanyika kati yao, na osiloskopu inabaki na sehemu moja ya kumi. Kwa volti tulivu za DC hesabu imeishia hapo. Lakini ishara inayobadilikabadilika hupita pia kwenye kapasita: ile ndogo iliyo kwenye ncha sambamba na rezista ya megaohmu 9, halafu jumla ya kapasitansi ya kebo, ya kisanduku cha kusawazisha na ya tundu la osiloskopu. Ili ishara ya kasi nayo igawanywe kwa kumi ileile, kapasita ya ncha lazima iwe sehemu moja ya tisa ya jumla hiyo. Skrubu unayoizungusha huongeza au kupunguza upande mmoja wa mizani hiyo.

Chukua mfano wa probu yenye pF 14 kwenye ncha. Inahitaji jumla ya pF 126 upande wa pili, kwa kuwa 14 ni moja ya tisa ya 126. Ukiichomeka kwenye tundu la pF 47 wakati skrubu yake inaishia pF 35, kuna pF 12 zisizo na pa kwenda. Jumla inakuwa 138, na badala ya kupata moja ya kumi unapata 14 juu ya 152, yaani kama 0.092. Ishara ya kasi inasomeka pungufu kwa asilimia 8 hivi, na pembe ya wimbi la mraba inakuwa mviringo kama ulivyoiona.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wazuri hulikosa. Hudhani kusawazisha probu ni habari ya masafa ya juu tu, na kwamba anayepima vikuza sauti hahitaji kujali. Piga hesabu ya megaohmu 9 na pF 14: mpaka kati ya rezista kutawala na kapasita kutawala uko karibu na kilohezi 1.3. Huo ni katikati kabisa ya masafa ya sauti! Probu isiyosawazishika itakudanganya kwenye kikuza sauti kabla hata hujagusa redio. Utapima kilohezi 10, uone kimo kimepungua, uanze kubadilisha kapasita za kuunganishia hatua za kikuza sauti ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Niliwahi kupoteza siku nzima namna hiyo kwenye kikuza sauti kizima kabisa, na tangu hapo sianzi kupima bila kutazama wimbi la mraba kwanza.

Wapo wanaojaribu kufungua ncha na kuongeza kapasita kidogo sambamba na ile rezista. Kwa mfano wetu ingehitajika pF 1.3 tu. Sikushauri. Kipande kidogo hivyo kikisogea hata nywele moja kinabadilika, ncha nyingi zimefungwa kwa plastiki isiyofunguka bila kuvunjika, na ukimaliza hujui tena probu hiyo inastahimili volti ngapi. Wala usifupishe kebo ili kupunguza kapasitansi. Nitakueleza sababu baadaye.

Basi, kwa 561A tafuta probu ya zamani ya Tektronix iitwayo P6006. Ni ya 10X, ilitengenezwa kwa ajili ya osiloskopu za enzi hiyo, inafika pF 47, na inastahimili volti 600. Kuisawazisha ni tofauti na ulivyozoea: hakuna skrubu, bali unalegeza pete ya kufungia kwenye mwili wa probu, unazungusha mwili wenyewe huku ukitazama wimbi la mraba, kisha unakaza pete. Ikiwa pete imeganda, usitumie koleo. Plastiki hiyo ina umri mkubwa, na tone la mafuta mepesi na subira ya usiku mmoja hutosha. Usipoipata, zipo probu mpya chache ambazo karatasi yake inasema wazi zinafika pF 47 au zaidi. Zinafaa kabisa. Megahezi zake zisikusumbue: 3A6 ina megahezi 10 tu.

Kwa nini megahezi zisikusumbue? Muda wa kupanda kwa ishara, kwa kadirio, ni 0.35 kugawa kwa upana wa masafa. Kifaa cha megahezi 10 kina nanosekunde 35. Probu ya megahezi 60 ina karibu nanosekunde 5.8. Hazijumlishwi moja kwa moja: unazidisha kila moja kwa yenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Jibu ni nanosekunde 35.5, tofauti ambayo jicho halitaiona kwenye skrini. Ukinunua probu ya megahezi 300 kwa ajili ya 561A, hela yako imekwenda bure.

465 ni habari nyingine. Yenyewe ni megahezi 100, nanosekunde 3.5. Ukiiwekea probu ya megahezi 100, mbili hizo pamoja zinatoa karibu nanosekunde 4.95, ambayo ni kama megahezi 71. Ukiiwekea ya megahezi 250 unapata 3.8, karibu megahezi 93. Kwa hiyo kwa 465 probu ya megahezi 200 au 250 ina maana, mradi masafa yake ya kusawazisha yanajumuisha pF 20. Lakini umesema kazi yako ni redio na vikuza sauti vya valvu. Kwa kazi hiyo, megahezi 71 ni nyingi kuliko utakazohitaji, na hizo mbili ulizonunua zibaki hapo hapo kwenye 465. Za asili kama P6105 ni nzuri sana zikiwa na afya, ila sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya jina.

Kitu kimoja utakachokikosa na probu mpya za kawaida ni mawasiliano kati ya probu na 465. Pembeni ya tundu la BNC (lile la kuingizia ishara) kuna pete, na probu za asili zina kipini kidogo chenye rezista kinachogusa pete hiyo. Osiloskopu ikihisi rezista hiyo, taa ndogo kwenye kitufe cha volti inahama kuonyesha kipimo cha 10X. Probu yako isiyo na kipini itaacha taa kwenye 1X, na utazidisha kwa kumi wewe mwenyewe. Andika hilo kwenye kipande cha karatasi ukibandike juu ya kifaa mpaka mazoea yaingie, kwa sababu volti 30 zinazosomeka ambazo kumbe ni 300 ni kosa linaloumiza.

Sasa voltimita ya valvu. Hiyo haina ubaya, na wala waya wako hauna ubaya. Kilichokosekana ni rezista ya megaohmu 1. V-7A, kama voltimita nyingi za valvu za aina yake, ina megaohmu 11 kwa vipimo vya DC, na moja kati ya hizo 11 huishi ndani ya probu. Kipimo kizima kimepangwa kwa kuitegemea. Ukichomeka waya mtupu, kifaa kinabaki na megaohmu 10, na kila kitu cha DC kinasomeka juu kwa asilimia 10. Jaribu betri ya volti 9: nina hakika sindano itaelekea karibu na 9.9.

Rezista hiyo ina kazi ya pili, na kwa mtu wa redio huenda ndiyo kubwa zaidi. Inatenga kebo na sakiti. Ukigusa gridi ya osileta (sakiti inayozalisha mawimbi ndani ya redio) kwa waya mtupu, kapasitansi ya waya huo inaizima osileta au inaisogeza mbali, na volti unayosoma ni ya sakiti nyingine kabisa. Megaohmu 1 ikiwa kwenye ncha, karibu kabisa na sehemu unayogusa, osileta inaendelea kufanya kazi.

Probu hii unaweza kuitengeneza mwenyewe, na ninakuhimiza uifanye. Chukua mwili wa probu wenye nafasi ndani, uunganishe rezista ya megaohmu 1 kwenye ncha yenyewe, kisha kebo yenye kinga ya waya wa kusuka hadi kwenye plagi ya kifaa. Watu huhangaika kutafuta rezista ya usahihi wa hali ya juu, si lazima. Kosa la asilimia 5 kwenye megaohmu 1 ni chini ya nusu ya asilimia moja kwenye jumla ya megaohmu 11. Na kuhusu volti, kipimo cha juu cha V-7A ni 1500, lakini rezista yenyewe hubeba sehemu moja tu ya kumi na moja, kama volti 136. Kinachobeba volti zote ni plastiki inayokaa kati ya waya na vidole vyako, kwa hiyo ubahili usiufanye kwenye mwili wa probu. Kumbuka pia kwamba kwa AC na ohmu rezista hiyo haitakiwi. Ndiyo maana probu za vifaa hivi ama zina swichi ndogo, ama kunakuwa na waya wa pili usio na rezista.

Nirudi kwenye osiloskopu, kwa sababu kuna kipimo cha afya ninachotaka ukifanye kabla ya kulaumu probu yoyote ile. Ndani ya osiloskopu ya zamani, kila hatua ya kitufe cha volti ina kigawanyo chake chenye kapasita ndogo za kurekebishia. Zote zilirekebishwa kiwandani ili tundu lionyeshe kapasitansi ileile katika kila hatua. Baada ya miaka 50 au 60, na mikono ya mafundi wengi, hazilingani tena. Sawazisha probu kwenye hatua moja, kwa mfano volti 0.02. Halafu bila kugusa probu, panda hatua baada ya hatua huku ukiongeza ishara ya mraba ya kilohezi 1 kutoka kwenye jenereta. Pembe zikikaa sawa kila mahali, kifaa ni kizima. Zikibadilika kutoka hatua moja kwenda nyingine, kosa limo ndani ya kigawanyo, na hakuna probu duniani itakayolitibu. Unafungua kitabu cha matengenezo na kurekebisha kapasita zile kwa utaratibu wake. Fanya hivyo hivyo kwa tundu la pili. Ukiona tundu moja linasawazishika na jingine halitaki, una jibu bila kununua chochote.

Kuhusu 1X: swichi ile ina kishawishi kikubwa, kwa kuwa ishara inaonekana kubwa. Lakini kwenye 1X sakiti yako inabebeshwa kebo yote na tundu lote, kwa kawaida pF 100 au zaidi, na upana wa masafa hushuka hadi megahezi chache tu. Kwenye megahezi 1, pF 100 ni sawa na kufunga ohmu 1,600 kati ya sehemu hiyo na ardhi. Hebu fikiria unaifunga hiyo kwenye koili ya masafa ya kati ya redio! Hata 10X si nyepesi kama watu wanavyodhani: pF 12 kwenye megahezi 100 ni ohmu 130 hivi, ingawa probu imeandikwa megaohmu 10.

Waya wa ardhi wa probu nao ni sehemu ya kipimo. Kila sentimita ya waya ina takriban nanohenri 10. Waya wa sentimita 15 pamoja na pF 12 za ncha hulia kama kengele karibu na megahezi 120, na mlio huo utauona kwenye skrini kama mawimbi madogo baada ya kila ukingo mkali. Kwa redio yako haitakusumbua. Siku ukipima sakiti za kidijitali kwa 465, toa klipu ndefu na utumie chemchemi fupi inayozunguka ncha.

Sasa volti kubwa, na hapa naomba usome polepole. Probu ya 10X ya kawaida huandikwa volti 300 au 600. Namba hiyo ni ya DC na masafa ya chini. Kadiri masafa yanavyopanda, volti inayoruhusiwa inashuka, na probu nzuri huja na mchoro wa kushuka huko. Kwenye kisambazaumeme cha kikuza sauti chenye volti 400 uko salama kwa probu ya volti 600, si kwa ya 300. Kwenye anodi ya valvu ya kutoa sauti, ongeza kilele cha ishara juu ya DC. Jumla inaweza kukaribia mara mbili ya volti ya usambazaji. Kwa kazi hiyo nina probu ya 100X ya volti 1,500 na sijawahi kujuta kuwa nayo. Anodi ya valvu ya mlalo ya televisheni ya zamani usiiguse kabisa kwa 10X. Mapigo yake ni ya maelfu ya volti.

Kuna mtego mwingine ambao karatasi za probu huusahau. Ukiweka osiloskopu kwenye AC, kuna kapasita inayozuia DC kuingia. Kwa DC hakuna mkondo unaopita, na bila mkondo rezista ya megaohmu 9 haishushi volti yoyote. Maana yake, kwenye AC probu ya 10X haigawi DC hata kidogo: volti 400 zako zote zinakaa juu ya kapasita ya ndani ya osiloskopu, ambayo ina umri wa miaka mingi. Soma kikomo kilichoandikwa pembeni ya tundu ukikichukulia kama kwamba probu haipo. Mimi hupima DC kwanza kwa voltimita, ndipo ninapohamia AC.

Tena, zipo redio za valvu zisizo na transfoma ya umeme, ambazo chesisi (fremu ya chuma) yake imeungwa moja kwa moja kwenye waya wa umeme wa nyumba. Klipu ya ardhi ya probu yako imeungwa na ardhi ya jengo kupitia osiloskopu. Ukiibana kwenye chesisi hiyo, unaweza kuunguza probu, redio na pengine wewe mwenyewe. Redio hiyo iwekewe transfoma ya kutenganisha. Usithubutu kukata waya wa ardhi wa osiloskopu ili “ielee”. Ukifanya hivyo mwili wote wa chuma unaoushika unakuwa na volti ya chesisi. Kama huna transfoma, tumia probu mbili zilizosawazishwa sawasawa bila klipu za ardhi, weka 465 kwenye ADD (inayojumlisha chaneli mbili) na ugeuze chaneli ya pili, nawe utapata tofauti kati ya ncha mbili.

Ukienda kununua probu iliyotumika, beba multimita. Kwenye 10X pima kutoka ncha hadi kipini cha katikati cha BNC: upate karibu megaohmu 9. Ukipata 10, usishangilie, maana 10 ni jumla ya probu na osiloskopu. Probu peke yake ikisoma hivyo, rezista yake imezeeka na kupanda. Kwenye 1X tarajia ohmu mia kadhaa, wala si sifuri. Hiyo si hitilafu: waya wa katikati wa kebo ya probu hutengenezwa makusudi mwembamba na wenye ukinzani, ili kumeza mwangwi wa ishara unaorudi kutoka mwisho wa kebo. John Kobbe na William Polits wa Tektronix walipewa hataza ya Marekani ya wazo hilo mwaka 1959, na probu karibu zote bado zinalitumia. Ndiyo sababu nilikukataza kufupisha kebo, na ndiyo sababu pia kebo ya kawaida ya antena haiwezi kuchukua nafasi yake. Baada ya kupima, pinda kebo taratibu mahali inapoingia kwenye mwili na kwenye plagi huku ukitazama multimita. Hapo ndipo nyingi hukatikia.

Angalia pia plagi. Osiloskopu za mwanzo kabisa zilikuwa na soketi za UHF zenye nyuzi, na probu zake hazitaingia BNC bila adapta. Adapta hiyo si ghali na haiharibu chochote kwenye masafa hayo. Kinyume chake, probu za kisasa za bei kubwa zenye kisanduku kipana na vipini vingi vya umeme zinategemea osiloskopu izipe nguvu. Kwenye 465 haziwezi kufanya kazi.

Vifaa vingine napita haraka, kwa kuwa huna bado. Tundu la ohmu 50 halitumii probu ya megaohmu 10. Linataka probu yenye rezista ya ohmu 450 au 950 kwenye ncha, ambayo ni nyepesi sana kwa kapasitansi ila inabebesha sakiti ohmu 500 au 1,000. Voltimita ya HP 410B ina dayodi ya valvu ndani ya probu yake ya AC, na kifaa bila probu hiyo ni nusu kifaa. Vichanganuzi mantiki vya zamani ni hivyo hivyo: ukikuta kimoja bila vishikizo na nyaya zake, kiache, kwani kuvitafuta peke yake mara nyingi hugharimu kuliko kifaa chenyewe.

Mpaka upate P6006, 561A isikae bure. Tumia probu zako kwenye 1X, ambako hakuna cha kusawazisha, na uzielekeze kwenye sehemu zenye ukinzani mdogo: spika, kathodi, sekondari ya transfoma ya kutoa sauti. Kwenye anodi yenye rezista ya kiloohmu 100 usiiamini juu ya kilohezi chache, kwa sababu pF 130 za kebo na tundu zitaanza kukata ishara kuanzia kilohezi 12 hivi, na utadhani ni kikuza sauti kinachokata. Vipimo vya anodi hivyo vipeleke kwenye 465 kwa 10X. Probu zake mbili zitie alama ya rangi, moja ya chaneli ya kwanza na moja ya chaneli ya pili, kwa kuwa kila moja imesawazishwa na tundu lake, na ukizibadilishana utahitaji kusawazisha upya.